Siku Bosi Alipokaa kwenye Kiti cha Jirani Yangu

Zoezi lile nilikuwa nimelikataa katika semina zangu zote. Unamfunga meneja kitambaa machoni, mwenzake unamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, wanagongana na meza kwa nusu saa huku wakicheka, kisha wanakwenda kunywa chai wakidhani wameonja maisha yetu. Mimi natembea kwa magongo tangu nikiwa na miaka minne, na sijawahi kumwomba mtu aonje chochote. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha waajiri usawa: wazitazame upya fomu zao, ngazi zao na midomo yao.

Lakini safari hii nilikuwa na langu. Jirani yangu kule mtaa wa Satellite, binti wa miaka ishirini na mitano niliyepanga naye ploti moja, alikuwa ameomba kazi ya kupokea simu za wateja katika kampuni moja ya bima mjini. Walimsaili kwa simu, wakaipenda sauti yake, wakamwambia aje achukue barua. Ndipo akawaeleza kwamba anatumia kiti cha magurudumu. Basi, kimya. Wiki tatu zilipita kabla afisa wa wafanyakazi hajampigia na kumwambia kwamba wakubwa wana wasiwasi, afadhali kwanza wafunzwe. Sheria ya watu wenye ulemavu ilikuwa bado ngeni siku hizo, na kampuni zilipenda kuwa na cheti cha kutundika ukutani. Binti akawapa namba yangu.

"Madam, hawa wakubwa wetu ukiwaongelesha tu watalala," yule afisa akaniambia. "Lazima uwape kitu practical. Wakae kwa wheelchair wajionee."

Nikamwambia huo ni upuzi. Akasema kama ni hivyo, semina ingoje mwaka ujao. Nikanywea. Mpaka leo najilaumu kwa kunywea kule.

Kiti chenyewe sikuwa nacho, ikabidi nikamwombe binti chake.

"Chukua tu, anti," akasema. "Kesho sina mahali naenda."

Asubuhi nilimwacha kitandani na redio, chupa ya chai, na beseni karibu, maana choo cha ploti kiko ng'ambo ya ua. Dereva wa teksi akakikunja kiti, akakitia kwenye buti, tukashika Ngong Road kuelekea mjini. Kwenye mlango wa jengo, askari alinitazama magongo akanieleza kwa upole kwamba msaada hutolewa Ijumaa. Nikamwambia nimekuja kuwafundisha mabosi wake. Akadhani natania.

Tulianza kwa maombi, kama kawaida, na aliyeomba akaniombea nipone. Nikasema amina, maana siku ilikuwa ndefu na sikutaka kuanza na ugomvi. Baada ya chai ya saa nne likaja zoezi. Mkurugenzi, mzee mnene mwenye moyo mzuri, akajitolea kukaa kwenye kiti. Alitakiwa aende ofisini kwake, apokee simu, apitie chooni, arudi. Simu aliipokea vizuri tu. Mlango wa choo ndio uliomshinda. Magurudumu yalikwama kwenye fremu, akasukuma mbele, akavuta nyuma, akajichubua vidole, na wafanyakazi wake wamesimama ukumbini wakimtazama, hakuna anayethubutu kucheka. Mwisho akainuka, akaingia chooni kwa miguu yake.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasimama mbele yetu sote.

"Leo Mungu amenifungua macho," akasema. "Sikujua mnateseka hivi."

Wakapiga makofi. Afisa wa wafanyakazi alikuwa anajifuta machozi. Nami, mjinga mimi, nikafurahi, nikaona kazi ya binti imepatikana.

"Yule msichana wa sauti tamu," akaendelea, "siwezi kumleta hapa. Mimi nimekaa dakika ishirini nimeshindwa. Yeye afanye hivyo kila siku? Hapana. Hiyo ni dhambi."

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Niliwaka. Nikamwambia yule binti amekitumia kiti hicho miaka mingi na hakimtesi kuliko viatu vya mkurugenzi vinavyomtesa mwenyewe. Nikataja sheria, nikataja haki, nikarudia yote niliyofundisha tangu asubuhi. Alinisikiliza kwa huruma iliyonifanya nitamani kumchapa gongo.

"Madam, wewe una roho ngumu," akasema. "Mimi ni mzazi."

Wakagawiwa vyeti. Tukapiga picha ya pamoja, na kiti cha binti wakakiweka katikati, kitupu.

Jioni nilimkuta binti alipokuwa, ila chai ilikuwa imeisha. "Wamesema nini?" akauliza kabla sijakaa. Nikamweleza yote, mpaka ile habari ya dhambi, kwa kuwa ni mtu mzima na kazi ilikuwa yake. Alijivuta hadi ukingo wa kitanda, akahamia kitini, akapitisha kidole pale rangi ilipochubuka.

"Alikwama wapi?"

"Mlango wa choo."

"Akashuka akatembea?"

"Eeh."

"Na huo mlango ni wa nani?"

"Ni wa kwake."

"Sasa mbona ni mimi nimekosa kazi?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya wale watu siku nzima, nimesema mpaka sauti imekauka, na swali hilo sikuwauliza.