Aliyeapa Kuwa Aliwaona Mumiani

Mselem wa Mwera alifundishwa na mama yake kanuni moja: hadithi ya kutisha husimuliwa kwa "nilisikia", kamwe haisimuliwi kwa "niliona". Mama huyo alijua habari za majini na mizuka kuliko mtu yeyote kijijini, na mpaka anakufa hakuapia hata moja. Mselem aliivunja kanuni hiyo akiwa mtu mzima mwenye akili zake, kwa sababu tu alipenda kusikilizwa.

Alikuwa akifua nazi, yaani kuzimenya makumbi, katika banda la mbata, zile nazi za kukaushwa, karibu na kivuko cha Pangani. Kazi ile huchosha mikono na kuyaacha masikio bure, kwa hiyo wafuaji walitaka hadithi kila siku.

"Kaka Mselem, hayo ya kuambiwa hata bibi yangu anayo," alimtania Kijakazi, aliyekuwa akipasua nazi na kuzianika. "Wewe mwenyewe hujaona kitu? Hayo macho ulipewa ya nini?"

Wakamcheka. Ndipo Mselem akaapa kwamba aliwaona mumiani, watu wanaonyonya watu damu, pale pale kivukoni: gari lenye vioo vilivyopakwa rangi, mtu wa koti jeupe, chupa mkononi. Alitaja mpaka harufu ya dawa.

"Wallahi, kwa macho haya mawili!"

Uweso, rafiki yake tangu walipokuwa chuoni wakisoma Kurani, aliiacha nazi yake imechomekwa kwenye kifuo, ule mti uliochongoka wa kufulia. Kijakazi alijikumbatia, akasema, "Haya, endelea basi!"

Ilikuwa mchana kweupe, nao walikuwa wengi; woga wao ulikuwa starehe. Siwaondolei lawama. Waliutaka uongo ule, wakautaka tena na tena, na Mselem akawaongezea.

Mwaka 1956 binti yake wa pekee, Semeni, alijifungua mtoto wa kike, kisha damu ikakataa kukatika. Akapelekwa hospitali. Mama yake Semeni alikwisha fariki, na mumewe alikuwa Pemba kwenye karafuu. Damu ya Mselem ilipimwa, haikulingana na ya bintiye. Daktari akamhimiza alete ndugu na jirani upesi, akampa gari na mtumishi wa kumsaidia.

Basi Mselem akafika bandani ndani ya gari lenye vioo vilivyopakwa rangi, kando ya mtu wa koti jeupe.

Wafuaji walikimbilia minazini. Alibaki Uweso tu, panga mkononi.

"Uweso ndugu yangu, Semeni anakufa. Wanataka damu kidogo tu."

"Usisogee!"

"Ule ulikuwa uongo! Niliutunga mimi. Sikuona kitu."

"Uliapa, Mselem. Ulimtaja Mungu."

"Niliapa uongo!"

"Na sasa unaapa nini? Nikuamini kiapo kipi?"

"Uweso, toka hapo!" Kijakazi alipiga kelele kutoka minazini. "Harufu ile ile ya dawa! Wamekwisha mnunua huyo!"

Mselem akapiga magoti juu ya makumbi ya nazi. Akakunja mkono wa shati.

"Tazama, hata mimi wamenitoa. Si mzima niko mbele yako? Uweso, mtoto yule ulimbeba mgongoni, alikuwa akikuita baba mdogo."

Uweso alikitazama kitundu cha sindano kwenye mkono wa rafiki yake. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, kisha akageuka akakimbia kama wenzake.

Mselem aliwaita kwa majina mmoja mmoja mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyetoka. Gari lilirudi tupu.

Semeni alifariki alasiri ile. Bandani hadithi iliendelea kusimuliwa, ila sasa mumiani alikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa Mselem. Yeye alimlea mjukuu wake kwa maziwa ya mbuzi, wala hakusimulia tena.

Kiapo kile cha uongo kilimgharimu Mselem binti yake.