Bawa Nililolimwagia Maji

Nyumba yangu hapa Lushoto nimeisimamia mwenyewe tangu msingi, wala hakuna fundi wa kunifundisha habari za ukuta. Saruji usipoimwagia maji inapasuka. Ujuzi huo ndio ulioniponza juzi.

Mjukuu wangu Zaina anajifunza kuunda ndege. Alitandaza kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni kwenye kalibu yenye umbo la bawa, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka akilipaka gundi. Mwalimu wake angefika jioni kulikagua bawa hilo; likiwa zuri, Zaina angepata kazi karakanani kwake.

"Bibi, namfuata mwalimu stendi. Gundi ikikauka, hili litakuwa gumu kama chuma. Usiliguse, tafadhali."

Sikuligusa. Ila nililiona linakauka hivihivi bila tone la maji, nikasema watoto wa siku hizi wana haraka. Nikalimwagia maji ndoo nzima, kisha nikalifunika kwa magunia mabichi, kama nilivyoufunika ukuta wangu.

Wakaja. Mwalimu akaniamkia shikamoo, akafunua gunia. Kitambaa kikamfuata mkononi, na gundi ilikuwa nyeupe kama uji.

"Zaina, nani amefanya hivi?"

Mtoto akafungua mdomo ajibu. Mimi nikajua anataka kujichukulia sifa zangu. Nikasimama, nikajifunga khanga vizuri.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema kwa sauti. "Huyu alikuwa ameliacha lipasuke."