Mwizi Aliyebeba Mchanga Nasi

Askari wa jengo alitutazama, akatazama na sanduku la binti yangu, akasema, "Mama, hao walihama Ijumaa. Hata kibao waling'oa."

Juu ya mlango palibaki matundu manne ya misumari. Binti yangu alikuwa amevaa sweta mpya, barua ya chuo cha uuguzi iko mkononi, na siku ya kuripoti ilikuwa hiyo hiyo. Tulipitia tu hapo mjini Machakos kuchukua karo yake kwa kampuni iliyotushikia pesa. "Mami, tungoje?" akaniuliza. Tukangoja mpaka saa kumi, kama wajinga, tukitazama mbao za mlango.

Karo hiyo niliiweka miaka sita. Mwanzo niliweka benki, lakini benki ikapandisha kiasi cha kuacha kwa akaunti, na kila mwezi ikanikata kidogo kidogo, mpaka karani akaniambia akaunti yenyewe imefungwa. Nikarudi kwa kina mama wenzangu wa mwethya, kikundi chetu cha Mwala cha kuchimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga mtoni. Tulikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu, mimi mmoja wao. Kila mkutano unaweka. Ukikwama unakopa, unarudisha na kitu kidogo juu. Riba ilikuwa ndogo, lakini tulijua inatoka mfuko wa nani.

Halafu Jumapili moja mzee wa kanisa akatutambulishia madhabahuni kijana wa kampuni ya kuwekeza, kisha akamleta mtoni. Kijana hakuanza na mambo ya pesa. Alivua viatu vya ngozi, akakunja suruali, akabeba mchanga nasi kutwa nzima, akala muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, kwa sufuria yetu. Kwetu, mtu akikubebea mchanga wa bwawa, humuulizi tena kwao ni wapi. Hilo ndilo kosa letu. Nani alimfundisha desturi hiyo? Mzee wa kanisa, nani mwingine?

"Mwaitu," akaniita, kama mtoto anayemwita mama yake, "pesa ikikaa kwa sanduku inaliwa na dumuzi kama mahindi. Lete kwetu. Faida kila mwezi, na mtaji wako uko palepale."

Nyanya mmoja, mwenye ufunguo wa tatu, hakufurahi. "Karai tatu tu za mchanga na mikono yake imetoka malengelenge. Na pesa yake ni mbuzi wa kuzaa kila mwezi! Muulizeni anakula nini."

Mimi ndiye nilimjibu. "Nyanya, wewe kaa na kufuli yako. Utazikwa nayo."

Watu wakacheka. Akafungua fundo la leso, akautupa ufunguo chini. "Chukueni. Kesho msije kulia kwangu."

Tukampa kijana pesa yote ya sanduku. Miezi miwili faida ilikuja kweli, nikaishika kwa mikono hii. Ndipo nikauza ng'ombe wawili, nikaongeza. Siku hizi najua ile faida ilikuwa pesa ya jirani aliyejiunga nyuma yangu, na yangu walipewa walionitangulia. Hapakuwa na shamba, hapakuwa na nyumba za kupangisha, hapakuwa na kitu. Swali lilikuwa moja tu, pesa yangu inafanya kazi gani, na nyanya asiyejua kusoma ndiye aliliuliza.

Nafasi ya binti yangu ikapewa mwingine. Yeye akaenda Athi River kushona suruali kiwandani, na kifua kimeharibika kwa vumbi la kitambaa. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaniua.

Polisi waliandika maelezo yetu mpaka daftari likajaa, basi. Naibu wa chifu, aliyempa kijana kiti kwa baraza na kutuhimiza tusipitwe, anasema hakumbuki. Kijana alipotea. Lakini mzee wa kanisa hajapotea. Mwaka huo huo aliezeka nyumba mabati mapya, na kila Jumapili ndiye anashika sahani ya sadaka. Nilimuuliza uso kwa uso. Akasema, "Dada, tumwachie Mungu."

Hapana. Si Mungu aliyesimama madhabahuni kumtambulisha yule kijana. Ni wewe. Simama hapo hapo tena, mbele ya kina mama wote, useme ulilipwa ngapi kwa kila kichwa ulichopeleka. Na kwa kichwa cha mtoto wangu, ulipata ngapi?