Muhtasari wa Mji wa Shukeni

Sikuomba kuwa katibu wa jengo letu. Nilichaguliwa kwa sababu mbili: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na siku ile nilikuwa nimekaa karibu na kalamu. Tangu hapo, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, wakazi na wenye maduka wa jengo hili la ghorofa tano hapa Kariakoo tunakaa kwenye viti vya plastiki pale chini, kwenye korido ya kuingilia, tunazungumzia pampu ya maji, taka, na geti lisilofunga. Mimi naandika. Wengine wanaangalia simu zao.

Naandika kwenye kauntabuku. Upande wa mbele ni vikao vya jengo. Ukiligeuza na kulifungua kwa nyuma, unakuta vikao vya Shukeni.

Shukeni ni mji ambao haupo. Aliuanzisha mama yangu mwaka ule magoti yalipoanza kumgomea. Sisi tunakaa ghorofa ya nne, lakini zamani tulikuwa chini kama watu. Kiwanja hiki kilikuwa na nyumba yetu ya Kiswahili, baraza mbele na ua nyuma, mpaka marehemu baba alipokubaliana na mjenzi. Nyumba ikavunjwa, likapanda jengo, na sisi tukapewa fleti huko juu. Mama, aliyekuwa anajua nani kapita na kavaa kanga gani, akabaki kuona vichwa. Jioni moja, akiwa dirishani, aliniambia kwamba anaanzisha mji wake na utaitwa Shukeni. Nikamuuliza uko wapi. Akasema mbona watu wanakwenda Kivukoni na Magogoni bila kuuliza maana, sasa mimi najitia kuuliza ya Shukeni kwa nini.

Basi yeye akawa mwenyekiti wa mji, mimi katibu. Tulikaa vikao baada ya Magharibi, chai ya tangawizi katikati yetu, na mama hakutaka masihara. Kikao kifunguliwe, muhtasari uliopita usomwe na kuthibitishwa, yatokanayo, ajenda, mengineyo. Huko Shukeni usafi ni kazi ya kunguru, maana sare wanazo tayari. Mnadani pale ufukweni samaki ndio wanaowanadi watu, na mwanamume mchoyo anaweza kukaa mpaka saa sita mchana hajapata mnunuzi. Ukijenga ghorofa ukaziba jua la jirani, nguo zake utamkaushia wewe, kwa kupepea. Mvua inatakiwa itoe taarifa siku mbili kabla. Upepo uliwahi kuitwa kikaoni kujibu tuhuma za kubeba maneno ya watu. Ukaomba muda wa kujitetea na hadi leo haujarudi. Nilikuwa nacheka huku naandika, na mama alikuwa ananikumbusha niandike mistari iliyonyooka.

Nilidhani ni mchezo wa kupitishia jioni, na ulikuwa hivyo kweli mpaka mume wa shoga yake alipofariki.

Huyu shoga yake wa tangu usichana anakaa ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi, katika moja ya nyumba za Kiswahili chache zilizobaki mtaani. Kutoka dirishani kwetu unaona mabati yake tu. Mama aliliona kutoka juu jeneza likitolewa, kama mtu anayeangalia msiba wa mji mwingine. Alivaa, akashika fimbo, akaanza kushuka. Nilikuwa naye. Ghorofa ya nne mpaka ya tatu alikwenda vizuri, ameng'ang'ania chuma cha kushikia. Kuanzia ghorofa ya tatu hadi chini hakukuwa na chuma cha kushika, kwa sababu upande ule wote ulipangwa marobota ya mashuka. Upande wa ukutani kuna mita za umeme, haziruhusiwi kuzibwa, kwa hiyo mzigo ulihamia upande wa mtu kujishikia. Nilimwambia anishike mimi. Akaweka mguu, goti likakataa, tukakaribia kuanguka wote wawili. Akakaa juu ya robota moja, akahema, kisha akasema turudi.

Mambo ya eda yanajulikana. Shoga yake alikuwa ameingia ndani miezi minne na siku kumi, hatoki. Mama naye hashuki. Wanawake wawili, mtaa mmoja, barabara ya kuvuka kwa hatua ishirini, na kila mmoja amefungwa kwake. Simu walipigiana kila siku. Lakini mama kila akikata simu alikuwa analalamika kwamba mkono wa pole hautumwi kwa simu, na kwamba eda ikiisha watoto wa mwenzake watamchukua kwenda naye Tanga, nyumba itauzwa, na yeye atakuwa amemuaga shoga wa miaka hamsini kwa vocha.

Mwenye marobota ndiye mwenyekiti wa jengo. Tunamwita Mangi, kama wanavyoitwa wafanyabiashara wengi waliotoka Kilimanjaro, na ni mtu mwema, lazima niseme, ila wema wake unaishia pale mzigo unapoanzia. Kwenye kikao cha kwanza baada ya msiba nililisema suala la ngazi. Likaandikwa kwenye mengineyo, na kwenye jengo letu mengineyo ni mahali mambo yanapokwenda kupumzika. Kikao cha pili nikalisema tena. Mangi akajitolea wapagazi wake wanne, watu wa kuaminika, wambebe bibi kwenye kiti mpaka chini na kumrudisha. Nikampelekea mama ujumbe. Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Nitabebwa siku moja tu," alisema. "Na siku hiyo sitakuwa na habari. Leo nina habari, nataka kushuka na miguu yangu."

Usiku ule ule akaitisha kikao cha dharura cha Shukeni. Yalipita maazimio mawili. La kwanza, ngazi ni barabara, na barabara haiwekewi mzigo upande wa kujishikia. La pili, kikao chochote hakina akidi mpaka awe amefika mwenye safari ngumu kuliko wote. Nikayaandika, chini yake nikaweka lile la mvua ambalo tulikuwa hatujalimaliza.

Kikao cha tatu cha jengo nilichelewa. Nilikuwa nasahihisha mitihani, na kauntabuku nilikuwa nimeliacha kwa Mangi dukani tangu asubuhi ili wasinisubiri. Naingia korido, nakuta mwenyekiti amesimama, simu mkono mmoja, kitabu mkono wa pili, anasoma muhtasari wa kikao kilichopita kwa ile kasi yake ya mtu mwenye wateja wanaomngoja. Kitabu kilikuwa kimefunguliwa kwa nyuma.

Alikuwa ameshafika kwenye ngazi ni barabara. Akasoma la akidi. Akasoma, kwa sauti ile ile, kwamba mvua itoe taarifa siku mbili kabla. Hakuna aliyeinua kichwa, isipokuwa mpangaji mmoja wa ghorofa ya pili aliyesema hilo la mvua ni jambo jema, maana watu tunaanika. Mangi akauliza kama wajumbe wanathibitisha muhtasari. Wakajibu kwa pamoja, kama wanafunzi wangu wakiulizwa kama wameelewa, kwamba wanathibitisha. Mmoja akatoa hoja, mwingine akaunga mkono. Mangi akatia sahihi.

Ningeweza kusema. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mdomo ninao. Niliwaza marobota, nikamwaza mama amekaa juu yake anahema, nikatafuta kiti nikakaa. Najua haikuwa haki kamili. Sijutii hata kidogo.

Nilipomsimulia mama, mwanzo alikasirika kwamba nimeuacha mji wake ukasomwa mbele za watu wasiovua viatu. Kisha akauliza kama kweli na mvua waliipitisha. Nilipomwambia ndiyo, alicheka mpaka akatafuta upande wa kanga wa kufutia machozi, na alipomaliza kucheka akaniambia nisirudi nyuma.

Jumatatu nilikwenda dukani kwa Mangi. Nikafungua kitabu, nikamwonyesha maazimio, nikamwonyesha sahihi. Alisoma polepole, safari hii akisikia anachosoma. Akarudi kwenye kichwa cha habari.

"Mwalimu, Shukeni ni nini? Mimi nilidhani ni mambo ya mashuka yangu."

Nikamweleza. Akashika kiuno.

"Dah. Kwa hiyo hii ni hadithi."

"Ilikuwa hadithi, Mangi. Sasa ina sahihi yako."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Anajua uzito wa muhtasari kuliko mtu yeyote katika jengo hili. Mwaka juzi alimhamisha fundi cherehani kutoka koridoni kwa kumsomea mstari mmoja tu, na fundi alipolia kwamba hakuusikia ukipita, Mangi alimjibu kwamba lililothibitishwa limethibitishwa. Nilimkumbusha. Akauliza mzigo wake utakaa wapi, kontena jingine linaingia wiki ijayo. Nikamwambia mzigo wake una miguu ya wapagazi wanne, mama yangu ana miwili tu na yote mibovu. Akaomba nimpe muda, angalau miezi miwili. Eda ya jirani ilikuwa inaisha wiki ya tatu baada ya kikao kijacho; nikamwambia miezi miwili ni mingi mno. Na kikao kijacho, nikaongeza, ndicho kinachojadili lile bango lako unalotaka kuliweka ukutani mbele. Bila mama yangu kikao hicho hakina akidi. Sitafungua kitabu.

Akamgeukia mteja. Basi kila siku nikitoka shule nilipita dukani, nikasimama kati ya wanunuzi wa jumla kutoka mikoani, nikamwamkia vizuri, nikasoma azimio la kwanza kwa sauti ya darasani. Siku ya tatu aliniomba nisome taratibu kidogo. Siku ya sita wateja walianza kumuuliza ngazi ya nani hiyo. Siku ya tisa alinivuta pembeni, akaniuliza bibi hasa anataka kwenda wapi, maana alidhani ni suala la hewa na mazoezi. Nikagundua kwamba vikao vyote vile nilisema ngazi, ngazi, wala sikuwahi kusema msiba. Nilimwambia. Akakunja shuka lililokuwa limeshakunjwa.

"Kwetu mtu asipofika msibani anaulizwa yeye na wajukuu zake," alisema. "Ungeanza na hilo, Mwalimu."

Hata hivyo kontena liliingia, na mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Marobota yalikaa pale pale wiki ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Niliendelea kupita. Jumamosi mchana, kesho yake ikiwa kikao, nilirudi nyumbani nikakuta ngazi ni nyeupe tangu chini hadi juu, na zimefagiliwa. Sijui mzigo aliupeleka wapi na sikuuliza.

Jumapili saa nne watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mama alikuwa amekataa nimsindikize. Alisema mahali pa katibu ni kwenye kitabu. Kwa hiyo nilikaa chini na wenzangu, kauntabuku limefungwa mapajani, nikisikiliza fimbo. Tok, halafu kimya, halafu tok. Ilikuwa mateso. Mara mbili nilinyanyuka na mara mbili nikakaa. Aliyetoa hoja kwamba tuanze tu, bibi atatukuta, Mangi alimwambia asome muhtasari. Ikapita nusu saa. Hakuna aliyeshika simu, labda kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kusubiri jambo wakiwa wanalisikia linakuja.

Alipotokea kwenye kona ya mwisho alikuwa amevaa buibui jeusi, uso umelowa jasho, mkono wa kulia umekishika chuma kwa nguvu zote. Wote tukasimama. Shikamoo zikapigwa kwa mkupuo, akaitikia marahaba moja ya kututosha wote. Mangi akavuta kiti cha mbele, akakifuta kwa kiganja.

"Karibu bibi. Tulikuwa tunakusubiri wewe tuanze."

"Asanteni, wanangu. Mmenisubiri na mimi nimefika, anzeni. Mimi napita. Nina msiba hapo mbele."

Nikashika mkoba wangu nimfuate. Akanizuia kwa fimbo, akatoka. Nikabaki mlangoni. Alisimama pembeni mwa barabara, mikokoteni ikapita, akainua mkono, bodaboda zikasimama, akavuka. Hatua ishirini zile alizihesabu miezi mitatu na nusu kutoka dirishani. Akapiga hodi kwenye mlango wa mwenzake, ukafunguliwa kutoka ndani, akaingia.

Nyuma yangu hakuna aliyefungua kikao. Kariakoo ilikuwa na kelele zake zote, vipaza sauti vya maduka vinatangaza bei, watu wanaitana, na bado tulikisikia kilio kikitoka chini ya yale mabati, sauti mbili za wanawake wazima. Mtaa mzima ulikuwa umeshamlilia yule mzee ukamaliza. Wao wawili ndio kwanza walikuwa wanaanza.