Gari la Baba Liliponyamaza

Yalianza siku ya Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, fundi alipowasha gari la baba ili alisikilize. Lilikuwa halijawashwa tangu tumzike. Mjomba alitaka kulifanyia kazi ya teksi baina ya Msambweni na Ukunda, nasi tupate chochote. Alikumbuka baba alivyokuwa akisema mkanda wa taimingi umezeeka, ataubadilisha baada ya Idi. Idi haikumkuta.

Injini ikawaka, na ule mlio wake ukatoka, mwembamba kama wa mbu aliyeingia chandaruani. Kwetu mlio ule ulikuwa na maana moja tu. Mdogo wangu wa miaka minne akachomoka jikoni na kipande cha muhogo mkononi. "Baba kaja! Baba kaja!" Gari lilikuwa ubavuni mwake lakini hakulitazama. Alikwenda moja kwa moja langoni, akasimama akiangalia barabarani. Sisi tulikuwa tumemwambia baba amekwenda Tanga. Nilimkimbilia nikamshika, na wakati nampangusa muhogo usoni, fundi akazima.

"Huyu kijana anapenda magari!" fundi alicheka. Ni mtu wa bara, wazazi wake walipata shamba huku kwenye skimu ya makazi, na hakuwa akimjua baba. Mimi wageni hunikausha mate.

Mjomba akaenda Ukunda kutafuta mkanda. Fundi akafungua kifuniko cha plastiki ubavuni mwa injini, kisha akaniomba "ile kitu nyeupe ya kufuta makosa." Nikamletea yangu ya shule. Akatia alama kwenye magurudumu ya meno, ili mkanda mpya ukae pale pale ulipokaa wa zamani, ndipo akautoa ule mbovu. Alipoupinda, mgongo wake ulikuwa umepasuka kama kisigino cha mtembea pekupeku.

"Siste, ita mama aone. Mimi sitoi kitu kwa gari ya mtu bila kumwonyesha."

"Hatoki."

"Ni mgonjwa?"

"Yuko eda."

"Eda ni nini?"

Nilitazama miguu yangu. Sikuwahi kumweleza mtu jambo hilo. "Amefiwa na mumewe. Mpaka miezi minne na siku kumi ziishe, haonani na wanaume wa kando."

Akaufuta mkanda kwa shati lake mwenyewe kabla ya kunipa. "Pole sana. Sikujua. Basi mpelekee. Na umwambie hii kigurudumu inakazanga mkanda pia imeisha. Ndiyo ilikuwa inalia. Nikiiacha itakula mkanda mpya, ikatike huko njia ya Ukunda, valvu zipinde zote, na injini kwisha. Mjomba wako bado ako dukani, nataka nimpigie alete zote mbili."

"Ikibadilishwa haitalia tena?"

"Hata kidogo! Itanyamaza kama mpya." Alisema hivyo kama mtu anayenipa zawadi.

"Waweza kuliwasha tena, kidogo tu, kwanza?"

"Na mkanda umeushika wewe? Itawaka na nini, siste?"

Mama alikuwa ameketi kitandani, pazia limeshushwa. Alikuwa amesikia yote. Akaupokea mkanda, akaupitisha vidoleni jino baada ya jino, kama avutaye uradi.

"Mama, tumwambie aweke mkanda peke yake," nilisema. "Kigurudumu tukiache."

"Ukatike na mjomba wako yumo ndani?"

Nikaketi karibu naye kitandani.

"Mwanangu, wewe wataka kuusikia mlio wake. Hata mimi nataka. Nilikuwa nikiusikia toka barabara kuu, ndipo nateleka chai." Akaukunja mkanda mapajani. "Na mdogo wako je? Awe akikimbilia langoni kila mjomba wako akirudi?"

"Basi na aambiwe."

"Mwambie wewe. Mimi nimejaribu, ulimi hauniinuki." Akanirudishia mkanda. "Haya, kamwambie fundi abadilishe vyote."

Nikatoka nikamwambia. Sikuongeza neno wala sikupunguza, ingawa toka chumbani hadi uani nilikuwa nikifikiria kusema vingine.

Gari liliwashwa baada ya sala ya alasiri. "Skiza hiyo!" fundi alisema, na masikini alikuwa na haki ya kujivunia. Lakini hapakuwa na cha kusikiliza, ila injini tu, kama injini ya gari lolote linalopita. Mdogo wangu alikuwa karibu na tairi la mbele akipanga vizibo vya soda. Hakuinua kichwa. Huko chumbani kitanda cha mama kililia mara moja, kisha kimya.

Linaloniuma mpaka leo ni kwamba mlio ule ulipotoka mara ya mwisho, mimi sikuusikiliza. Nilikuwa nafuta muhogo.

Asubuhi yake nilimwamsha mdogo wangu mapema, mama akiwa bado kwenye mswala, nikamkalisha kizingitini. Nikamwambia baba hakwenda Tanga. Amekufa, na aliyekufa harudi, hata gari likirudi.

"Hata kesho kutwa?"

"Hata kesho kutwa."

Akafikiri. Nilidhani atalia, na nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Hakulia. Alitaka nimbebe tu, naye siku hizi ni mzito. Nikambeba.