Mstari wa Mita Sita

Uwanja wa mpira wa mikono una urefu wa mita arobaini na upana wa mita ishirini. Goli lina upana wa mita tatu na kimo cha mita mbili, na milingoti yake ni ya mbao zenye pande nne, si ya miti ya mviringo. Haya niliyajua kabla sijauona mchezo wenyewe ukichezwa, kwa sababu mimi ni fundi seremala, na shule ya kata hapa Kiriba iliniita nitengeneze magoli. Mwalimu wa michezo alinipa kijitabu cha sheria kilichoandikwa kwa Kiingereza. Mimi niliishia darasa la saba. Kiingereza nimejifunza kwa kamusi, neno baada ya neno, na ninasoma polepole. Kijitabu kile kilinichukua wiki tatu, nikanakili sehemu kubwa kwa Kiswahili katika daftari.

Magoli yalipokamilika, yakiwa yamepakwa rangi nyekundu na nyeupe kwa kupokezana, mwalimu akasema kwa kuwa vipimo ninavyo mimi, basi nichore na uwanja. Nilikubali bila wasiwasi. Uwanja wa mstatili huhakikishwa kwa kupima kona kwa kona: mishazari yote miwili ikitoka mita arobaini na nne na sentimita sabini na mbili, kona zako zimenyooka. Yangu ilitoka sawasawa.

Likabaki eneo la mbele ya goli. Humo husimama golikipa peke yake. Mpaka wake ni mstari wa mita sita, na mchezo mzima unauzunguka mstari huo. Mshambuliaji hutupa mpira akiwa nje yake. Anaruhusiwa kuruka hewani juu ya eneo, ila mpira uwe umetoka mkononi kabla mguu haujagusa chini. Akikanyaga mstari kabla ya kuruka, refa anapuliza filimbi na goli halihesabiwi.

Nilipigilia kigingi katikati ya goli, nikafunga kamba ya mita sita, nikazunguka na chokaa. Watu waliokuwa wakitazama walisifu. Hakuna aliyeuliza kitu, kwa sababu huku kwetu ndivyo baba zetu walivyopima nyumba za msonge: kigingi kimoja, kamba moja, unazunguka. Baadaye shule moja ya Butiama iliniita, kisha nyingine ya Kabasa, pale Bunda. Kote nilikwenda na kigingi kilekile.

Binti yangu, wakati huo kidato cha tatu, alikuwa winga wa kushoto. Kudaka nilimfundisha mimi, ingawa sijawahi kucheza. Alinisaidia kurusha matofali mwaka tuliojenga jiko. Tofali ukilipokea na mikono iliyokakamaa, linakuumiza. Unalipokea huku mikono ikirudi nyuma nalo kidogo. Mpira ni hivyohivyo. Mengine aliyapata shuleni: wachezaji saba kila upande, hatua tatu ukiwa na mpira mkononi, sekunde tatu za kuushika, kisha uudunde, uutoe au utupe golini. Mwaka ule alifunga kuliko mchezaji mwingine yeyote wa shule yake, na aliitwa kwenye mchujo wa timu ya mkoa. Alichokitaka mwaka mzima kilikuwa hicho tu: kuwa mmoja wa wale kumi na wanne wa timu hiyo.

Mchujo wa kwanza ulifanyika Musoma mjini, Kamunyonge, kwenye uwanja uliochorwa na watu wengine. Sikwenda. Alirudi jioni ya Jumamosi, akaweka viatu mlangoni, akasimulia taratibu. Refa alimpulizia mara tatu kwa kuingia ndani ya eneo. Wasichana wa wilaya nyingine wakaanza kusema kwamba Kiriba wameleta magolikipa wawili. Hakukatwa, lakini mteuzi mkuu alimwambia kwamba mchujo wa mwisho, baada ya wiki mbili, asipojirekebisha atabaki nyumbani.

“Baba, duara lao ni kubwa,” alisema.

Nilimjibu kwamba duara lao limekosewa. Nilisema hivyo kwa uhakika wote, na kesho yake nikafungua kijitabu ili nimwonyeshe.

Sentensi ilikuwepo. Nilikuwa nimeiruka, kwa sababu niliona mchoro nikadhani nimeelewa. Ilisema kamba ipimwe kutoka ukingo wa ndani wa kila mlingoti. Yaani vigingi viwili. Unachora robo ya duara upande huu, robo ya duara upande ule, kisha unaziunganisha kwa mstari ulionyooka wa mita tatu mbele ya goli. Nilichukua ubao na penseli, nikachora michoro yote miwili kwa kipimo kidogo, mmoja juu ya mwingine. Katikati hakuna tofauti, ni mita sita kwa mita sita, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Pembeni, kwenye njia ya mawinga, mstari wangu ulikuwa umesogea karibu na goli kwa mita moja na nusu.

Nilimwita nikamwonyesha ubao. Aliutazama kwa muda.

“Kwa hiyo magoli yangu yote ya mwaka huu?”

“Yale ya katikati yako sawa.”

“Mimi ni winga, baba.”

Jioni ileile nilifuta mistari ya Kiriba nikachora upya. Alikuja kunitazama, akasimama nyuma yangu nikiwa nimeinama na ndoo ya chokaa.

“Mchujo wa mwisho ni Kabasa,” alisema. “Kabasa si ulichora wewe?”

“Ni mimi.”

“Kwa kigingi kimoja?”

“Kimoja.”

“Si ule ungeuacha tu mpaka Jumapili ya wiki ya pili.”

Mchujo ulikuwa Jumamosi, siku moja kabla. Nilielewa alichokuwa akisema. Kwenye uwanja ule mbovu angecheza kama alivyozoea, na hakuna refa ambaye angempulizia. Nilimwambia kwamba timu ya mkoa haitacheza Kabasa, itacheza kwenye viwanja vya watu waliosoma sentensi yote. Pia nilimwambia kwamba mlango nilioutengeneza mfupi siuachi hivyo kwa sababu mwenye nyumba amezoea kuinama. Aliondoka. Siku mbili hakuzungumza nami zaidi ya kunikaribisha chakula.

Jumatano alikuja na mpira. Tulifanya mazoezi siku tisa. Kwenye uwanja sahihi, kona ya winga ni nyembamba: kati ya mstari wa eneo na mstari wa pembeni, pale chini kabisa kwenye mstari wa goli, kuna mita mbili na nusu tu. Ukikimbia moja kwa moja kuelekea golini unakanyaga. Lazima uanzie nyuma zaidi, upige hatua tatu ukiufuata mstari wa pembeni, kisha uruke kuelekea katikati ya uwanja, si kuelekea golini. Ukiruka hivyo, goli linafunguka mbele yako ukiwa hewani. Nilitia alama ya chokaa mahali pa mguu wa mwisho. Siku ya kwanza aliikosa karibu kila mara. Siku ya tisa nilifuta alama, na mguu ukatua palepale.

Sasa nieleze kosa langu la pili, ambalo lilinisumbua kuliko la kwanza. Kiriba nilirekebisha siku ileile. Butiama nilikwenda Jumanne ya wiki ya pili. Kabasa nilifika Ijumaa, siku moja kabla ya mchujo. Nilikuwa na paa la mtu la kumalizia, hiyo ni kweli. Ningeweza kupiga simu, lakini nilijiambia kwamba jambo hili haliwezi kuelezwa kwa simu, linahitaji kamba mkononi. Hilo halikuwa kweli. Lingeelezwa kwa dakika mbili. Nilianza na uwanja ulio karibu na nyumba yangu, basi.

Mwalimu wa Kabasa alinisikiliza, akatazama vigingi vyangu viwili.

“Fundi, unakuja na hilo leo?” aliuliza. “Nina binti hapa shuleni anacheza winga kushoto. Kesho anaingia.”

Nilisema mimi ndiye niliyekosea, kwa hiyo nitafuta mimi. Alinyanyua mabega akaniachia uwanja. Binti mwenyewe, wa kidato cha pili, mwembamba mwenye mikono mirefu, alisimama pembeni akitazama chokaa ikipita mahali papya.

“Mbona mimi nilikuwaga naruka hapo ndani, na ni goli?”

“Haitakuwa goli tena,” nilimwambia. Nilimwonyesha jinsi ya kuanzia nyuma. Alijaribu mara kumi hivi, kisha mwalimu akamwambia aende nyumbani apumzike.

Jumamosi binti yangu alipata mpira wa kwanza kona, akaruka vizuri, golikipa akaupangua. Wa pili aliupitisha chini ya mkono wa golikipa. Akafunga mingine miwili kabla hajatolewa. Binti wa Kabasa alipuliziwa filimbi mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne alikuwa na nafasi nzuri kuliko zote, akatazama chini kwenye mstari, akaurudisha mpira nyuma.

Mteuzi mkuu, mwalimu wa kike wa makamo, alisoma majina kumi na matatu. La binti yangu lilikuwa la tisa. La kumi na nne, alisema, atalitaja kambini Musoma, siku kumi baadaye, na akataja wasichana wawili watakaoligombea. Wa Kabasa hakuwemo.

Binti yangu alikuwa bado anapongezwa nilipomfuata mteuzi. Nilimweleza yote kwa mpangilio: kigingi kimoja, viwanja vitatu, siku tisa kwa mmoja na jioni moja kwa mwingine.

“Fundi, leo mstari ulikuwa sahihi?” aliuliza.

“Ulikuwa sahihi.”

“Basi refa hakukosea.”

“Refa hakukosea. Nilikosea mimi.”

Alirudi kwenye karatasi yake. Akasema hawezi kumwingiza mtu ambaye hakuonyesha kitu, lakini hakuna kinachomzuia kutazama wasichana watatu kambini badala ya wawili. Akaandika jina.

Ilikuwa likizo. Nilizungumza na wazazi wa yule binti pamoja na mwalimu wake, wakaniruhusu, naye akaja kukaa kwetu Kiriba siku tisa, idadi ileile aliyoipata binti yangu. Nilirudisha alama ya chokaa. Binti yangu aliniambia mbele ya mgeni, akikunja shuka:

“Wewe baba umeniletea mpinzani mpaka kwenye mkeka wangu.”

Mgeni alicheka hadi akakaa chini. Tangu hapo walikwenda uwanjani pamoja asubuhi, mmoja akitupa na mwingine akichunga mguu. Binti yangu hakuwa mpole katika kazi hiyo. Nilikuwa nikimsikia kutoka karakana: umekanyaga, rudia, umekanyaga, rudia.

Kambini yule binti alipata nafasi ya kumi na nne. Nilikwenda Kamunyonge kuangalia mechi ya kwanza ya mazoezi. Aliyeanza winga ya kushoto alikuwa yeye, na binti yangu alikaa kwenye benchi na jezi yake. Nikasimama nyuma ya benchi. Mpira ulizungushwa kutoka kulia, ukamfikia yule wa Kabasa kona. Alianzia nyuma, hatua tatu, akaruka kuelekea katikati, akautupa chini ya mtambaa wa panya.

Refa alinyoosha mkono: goli. Binti yangu aligeuka akanitazama.

“Mguu ulikuwa nje, baba,” alisema. “Nimeuangalia.”

Nami nilikuwa nimeuona.