Talaka ya Kwenye Kanda

Kwetu Mutsamudu, mji wa kisiwani, tulikuwa na mchezo mmoja wa jukwaani ambao hata kuku wa mtaani waliujua. Mwalimu mmoja aliuandika zamani, kabla mama yangu hajaolewa, na kila Idi ulichezwa uwanjani chini ya ngome. Mfanyabiashara anarudi safarini, anasikia uvumi kuhusu mkewe, hamwulizi, anampa talaka tatu mbele ya watu. Baadaye anajua kwamba mke hana kosa. Basi, umekwisha mchezo. Mwanamume analia na hana la kufanya, maana tatu ni tatu.

Mke aliigizwa na mwanamume siku zote. Enzi za utoto wangu alikuwa fundi cherehani mwenye kidevu kama burashi, akijitanda shiromani, lile shuka letu jekundu la wanawake, na kubana sauti. Talaka ikitoka, watu wanalia na kucheka kwa pamoja. Nani angedhani fundi cherehani ameachwa kweli? Mimi nilikaa mbele kabisa, nilijua kila neno la yule mke, na nilimwonea wivu yule fundi. Nasema mapema ili mtu asije akanihurumia kupita kiasi: nafasi ile niliitaka mwenyewe.

Niliolewa na Mngazija, mtu wa kisiwa kikubwa, mwalimu wa hesabu aliyeletwa kwetu kutoka Moroni, mji mkuu. Kwetu anayehamia ni mume. Nyumba ni ya binti, mama kamjengea, na mume anaingia na sanduku lake. Wangu aliingia na lake, tukakaa miaka sita kwa amani. Halafu Nzuani, kisiwa chetu, kikatangaza kujitenga na serikali ya Moroni. Bendera zikabadilika, bunduki zikatokea sijui wapi, na mtaani wakaanza kumwuliza mume wangu anangoja nini. Siku tulipoamka tukakuta mlango umepakwa kinyesi, tulifunga nyumba tukapanda boti kwenda Moroni.

Huko nikawa mwanamke asiye na nyumba, na hilo kwetu ni msiba hata kama hujafiwa. Tulilala chumba cha nyuma kwa wifi yangu, mtaa wa Badjanani, karibu na Msikiti wa Ijumaa wa kale. Wifi hakuwa mtu wa kuficha. "Mgeni siku mbili," alikuwa akisema akinipita na ndoo, na ya tatu aliniachia nijimalizie mwenyewe. Nikichota maji, nimechota mengi. Nikitia chumvi, ah, Wanzuani na chumvi yao!

Ndipo akaja bwana mmoja wa palepale Moroni aliyesomea mambo ya filamu Ufaransa, ana kamera ya video na jenereta ya kuazima. Alitaka kuufanya mchezo wetu kuwa filamu ya kisasa. Mfanyabiashara awe ofisa wa forodha, uvumi uje kwa simu, na mke awe mwanamke. "Ndevu kwenye filamu hakuna atakayezikubali," alisema. Lakini baba gani Moroni angemruhusu binti yake ashikwe mkono na mwanamume wa watu mbele ya kamera? Bwana wa filamu akapata dawa: waigizaji wawe mke na mume wa kweli. Hao wakishikana, nani ana neno? Akatuchagua sisi, na mimi sikungoja kubembelezwa.

Mume wangu, nimpe haki yake, alikwenda kwanza kumwuliza fakihi. Talaka haina mzaha. Aliyeitamka kwa utani ameitamka. Fakihi akafikiri, akamwambia: taja jina la yule mke wa mchezoni, usimtaje wako, na nia yako iwe kusimulia tu. Tukarudi nyumbani tumefurahi.

Siku ya kupiga picha akasimama sebuleni kwa wifi, akataja jina la mke wa mchezoni, akasema nimekuacha. Bwana wa filamu akasimamisha kamera. "Unamwambia nani, ukuta? Mtazame machoni. Acha majina, sema wewe." Mume wangu akanigeukia, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Sema tu bwana, jua linatukimbia." Akasema. Wewe, nimekuacha, nimekuacha, nimekuacha. Tulirudia mara nne, kwa sababu mara jenereta ilizimika, mara wifi akakatiza nyuma na sufuria. Jumla talaka kumi na mbili. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Filamu ilionyeshwa uani kwa madrasa, televisheni juu ya meza mbili zilizopandishwa. Watu walilia. Vijana wa mtaa wakanibandika jina, Mama Forodha, wakawa wananibebea ndoo kutoka bombani. Hata wifi alipunguza maneno. Kwa wiki kadhaa nilipendwa Moroni, na mimi nikajisahau, nikaona nimefika.

Kanda moja ikavuka bahari ndani ya mzigo wa mfanyabiashara, ikafika Mutsamudu. Halafu ikaja barua ya mjomba, kaka wa mama, ambaye kwetu kauli yake ndiyo kauli. "Mwanangu, tumeona kwa macho na kusikia kwa masikio. Huyu si fundi cherehani. Huyu ni mumeo, na amekuambia wewe. Kuanzia leo kukaa kwako naye ni haramu. Rudi kwenu."

Nilikasirika. Mjomba huyu huyu, kabla ya mambo ya kujitenga, angekaa mbele ya ile televisheni akacheka hadi kofia imdondoke. Sasa alikuwa amepata njia ya dini ya kumtoa Mngazija ndani ya ukoo. Mume wangu alirudi kwa fakihi, na fakihi akakata: aliyesimulia hajaacha, ndoa ipo. Jioni ile mume wangu alinishika mikono yote miwili. "Wallahi wewe ni mke wangu. Aje mtu aniambie vingine." Nikamjibu mjomba kwa mistari miwili kwamba sirudi. Mama hakuniandikia tena. Nyumba sina, mama hanijibu, nina mume. Nilimng'ang'ania huyo huyo.

Haukupita muda, wajumbe wa Nzuani wakakataa kutia sahihi mkataba wa kurudisha visiwa pamoja, na Moroni ikawaka. Vijana waliweka mawe barabarani, wakasimamisha magari na kuuliza vitambulisho. Mnzuani akikamatwa anapelekwa bandarini, na bandarini boti inangoja. Muuza vitambaa mmoja wa kwetu alivunjiwa duka na kichwa siku moja. Nilijifungia chumbani siku mbili, nikikohoa ndani ya mto.

Alhamisi, saa nne asubuhi, wakafika. Walikuwa kama kumi na watano, na nusu yao ndio wale wa kunibebea ndoo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba. Wifi alisimama uani na mwiko mkononi, na kwa mara ya kwanza nilitamani aseme kitu. Mume wangu akaenda mlangoni.

"Mwalimu," alisema mmoja wao, kwa adabu, wallahi kwa adabu, "tumemfuata yule Mnzuani. Mtoe tu. Hatutaki kuharibu nyumba ya dada yako."

Sikuogopa. Nilikuwa nangoja tu kumsikia. Nilijua atakalosema, maana alikwisha kuniapia. Hata mwendawazimu wa Badjanani haingii ndani kumtoa mke wa mtu mbele ya mumewe. Ni kusema "huyu mke wangu," na mlango unafungwa. Naandika haya kwa Kiswahili cha bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, kwa sababu kwa lugha yaliyosemwa kwayo siwezi.

"Hapa sina mke," alisema mume wangu. "Nilimwacha. Si mliona wenyewe kwenye video? Amekaa kwa kukosa boti tu."

Mmoja wao alicheka kidogo. Wifi akasema, "Ewe kaka!" Nilijitanda shiromani, nikachukua mfuko wangu, nikatoka mwenyewe kabla sijashikwa. Nilipompita alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inamcheza. Labda aliogopea nyumba ya dada yake. Labda alitaka nifike botini mzima. Ndivyo alivyoniandikia baadaye, kurasa nne. Huenda ni kweli. Sikumjibu. Aliyekupiga kwa nia njema amekupiga.

Boti ilijaa watu na magodoro. Mama mmoja alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria, sufuria hana, na hakuuachia njia nzima. Wengine walitapika, wengine waliwalaani Wangazija mpaka sauti zikakauka. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira nyingi mno, hazikuacha nafasi.

Mutsamudu, mjomba alinipokea kwa furaha, jambo lililoniuma kuliko kama angenisimanga. Kesho yake alimleta fakihi wa mji nyumbani kwangu, wapange eda yangu. Yeye alikuwa ameshapiga hesabu: eda ianzie siku ile ya filamu, kwa hiyo imekwisha zamani, na kuna bwana mmoja aliyefiwa na mkewe, mtu wa maduka, ameniulizia. Mama alikaa pembeni, hanitazami. Fakihi alikuwa mzee wa haki. Akasema anataka kusikia kwangu mwenyewe.

"Binti yangu, mumeo alikuacha lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi gani?" mjomba akadakia. "Na miezi yote hii ulikuwa unakaa na nani?"

"Nilikuwa nakaa na mume wangu, mjomba," nikamwambia. "Mpaka Jumatano nilikuwa na mume."